Bunduki ya Siku ya Hofu

Juzi mlipokuja hapa Malangali mlinikuta nachambua maharage na bibi yenu. Mkatoa shikamoo, nikaitikia, na kabla hamjakaa vizuri mmoja wenu akachomoa simu akanionyesha picha. "Babu, cheki hii mashine," akasema. Nikaiangalia. Ilikuwa bunduki nyeusi tupu, ina miguu miwili ya kusimamia, ina darubini ndefu kama chupa ya chai, na pembeni ina vidude ambavyo mpaka sasa sijui kazi yake. Mkaniuliza: kwa mtu anayeanza uaskari wa wanyamapori, au anayetaka kuwinda kwa kibali, ni bunduki gani moja inayomtosha kwa kila kazi?

Nikasema nitawajibu. Kisha nikanyamaza, bibi yenu akawapa chai, mkaondoka mkidhani mzee amesahau. Sikusahau. Nilikuwa naogopa kuanza, kwa sababu jibu lake siwezi kulitoa bila kumtaja Mzee Silvesta.

Nianze na jambo ambalo wenzangu wengi wa zamani hawapendi kulikiri. Mimi nilikuwa mwoga. Nimefanya kazi ya kufukuza na kuua wanyama waharibifu zaidi ya miaka ishirini, nimevaa sare, nimepigiwa vigelegele vijijini, na hakuna hata siku moja niliyoshuka Lyamba bila hofu. Lyamba mnaijua, ule ukuta wa milima ambapo Ufipa yetu ya baridi inakatika ghafla na unaliona Bonde la Rukwa chini, jeupe kwa joto. Huku juu wanyama walishakwisha tangu utoto wangu, tumebaki na ng'ombe, ngano na upepo. Kazi ilikuwa bondeni: viboko, nguruwe, simba mmojammoja, na nyati. Gari likianza kuteremka, mimi nilianza kumeza mate. Likifika chini, mate yenyewe yalikuwa yamekwisha.

Kwa hiyo ninapowashauri kuhusu bunduki, msidhani anayeongea ni shujaa. Anayeongea ni mtu aliyejua kwamba siku ikiharibika, mikono yake itamsaliti. Bunduki yangu niliichagua kwa kuvifikiria vidole hivi vinavyotetemeka.

Mzee Silvesta ndiye aliyenipokea kazini. Alikuwa Mfipa wa Kasense, mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kutafuna bua la ulezi kama wengine wanavyovuta sigara. Wakati ule ofisi yetu ilikuwa na bunduki mbili za namba 375, mapacha, zimetengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Moja alibeba yeye, ya pili akanikabidhi mimi. Yangu kitako kilikuwa kimepasuka, na mtu wa zamani alikuwa amekifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe ikakaukia pale, ngumu kama chuma. Nikaona aibu kuishika.

"Fumba macho," akaniambia siku ya kwanza.

Nikafumba.

"Iweke begani kama unataka kupiga. Haya, fumbua."

Nilipofumbua, kile kinundu cha kulengea cha mbele ya mtutu kilikuwa kimekaa sawasawa ndani ya mkato wa nyuma, kama vile mtu amenipangia. Sikuhitaji kusogeza shingo.

"Hiyo ni yako," akasema. "Isingekuwa yako, ungefumbua ukaona mbingu au ukaona viatu."

Sikieni hapo, vijana. Kabla ya kuuliza bunduki inapiga mbali kiasi gani, fumbeni macho muiweke begani. Fanyeni hivyo mara kumi. Kama kila mara mnafumbua macho na kuanza kuitafuta shabaha, irudisheni, hata kama ni ya dhahabu. Nyati hakupi nafasi ya kutafuta.

Akanifundisha mengine pia. Kila risasi unayokwenda nayo porini uipitishe kwanza kwenye chemba ukiwa nyumbani, mtutu umeuelekeza kwenye kichuguu, uone kama inaingia na kutoka bila kugoma. Mdomo wa mtutu ubandike kipande cha plasta mvua isiingie. Safari ikiisha, hata kama ulifunga bunduki kwenye blanketi, piga risasi moja kwenye karatasi kwa hatua hamsini uone kama bado inasema kweli. Na mafuta yawe kidogo.

Hilo la mafuta nilijifunza kwa fedheha. Mwaka wangu wa kwanza niliipaka boliti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, mafuta mpaka ikang'aa kama paji la uso wa bwana harusi. Tukashuka bondeni kiangazi, vumbi la kule ni kama unga wa muhogo. Nguruwe pori dume akatoka kwenye shamba la mahindi akasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kuona funza kwenye pua yake. Nikakoki, boliti ikaingia nusu ikakwama kwenye tope la mafuta na vumbi. Nguruwe akanitazama. Nikavuta, nikasukuma, akaendelea kunitazama. Mwishowe akaenda zake taratibu, mkia juu, na wenye shamba walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mfereji wanacheka mpaka wanalia. Na mimi nikacheka. Usiku ule nilipolala nikawaza: angekuwa nyati? Kicheko kikaniishia.

Basi hiyo ndiyo bunduki niliyokuwa nayo. Boliti ya kuvuta kwa mkono, risasi nne, vilengeo vya chuma tu, mkanda wa ngozi, na nyuma ya boliti kulikuwa na bawa dogo la usalama, kile kidude kinachozuia risasi isitoke kabla hujataka. Unalilaza kushoto kwa kidole gumba, basi. Namba 375 inaweza kumwangusha swala bila kumharibu sana, na nyati na kiboko ikawapiga vilevile. Sikuhitaji kitu kingine. Lakini mtu huwa hajui kwamba hahitaji.

Ikaja miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kuelewa. Sisi tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, mara tukaamka Sumbawanga ina redio madirishani, viatu vya mtumba vimeningʼinia kama matunda, baiskeli zenye rangi tatu. Wenye magari wakaongeza magari. Mtaa wa Kizwite kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Bwana Nassoro, wa familia ya malori na duka la vipuri, mtu mkarimu, mcheshi, mcha Mungu. Alikuwa na kibali cha kuwinda tangu zamani, akiwinda kwa bunduki ya marehemu baba yake. Mambo yalipofunguka akaagiza mpya.

Siku aliyoileta ofisini kutuonyesha, sote tuliacha kazi. Ilikuwa inang'aa. Darubini juu, magazini ya kuchomoa, kitako cha mti mwekundu. Nassoro mwenyewe alikuwa na kidonda kibichi juu ya jicho la kulia, kimejipinda kama mwezi mwandamo.

"Umeanguka, Bwana Nassoro?" nikamuuliza.

"Darubini hiyo," akasema, akacheka. "Nilikwenda kuijaribu kule machimbo ya kokoto. Niliweka jicho karibu mno, bunduki iliporudi nyuma ikanibusu. Mtaani wanasema mke wangu amenipiga na mwiko. Nimechoka kukataa, sasa nakubali tu."

Nikaomba niishike. Nikachungulia. Mbuzi aliyekuwa mbali kwenye majani nikamwona mpaka kope. Vijana, nitawaambia nilichowaza wakati ule, na sijawahi kumwambia mtu. Sikuwaza uzuri wake. Niliwaza: kwa kitu hiki, nyati nitampiga akiwa kule na mimi nikiwa huku. Sitakaribia tena. Sitamsikia anavyopumua. Niliitamani bunduki ile kwa sababu ya woga wangu.

Mzee Silvesta aliishika mara moja, akairudisha. "Imepimwa shabaha?" akauliza.

"Nimeipima machimboni," Nassoro akajibu.

Silvesta akaendelea kutafuna bua lake.

Haukupita mwezi tukaletewa habari kutoka bondeni. Familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, mwenye mji anaitwa Masanja, walikuwa wamepatwa na msiba. Kuna mtu alimpiga nyati dume kwa gobore akamvunja mguu wa mbele, akamwacha. Nyati yule akajificha kwenye matete karibu na kisima chao. Mke wa mdogo wake Masanja alikwenda kuchota maji asubuhi na hakurudi. Walimkuta pembeni ya ndoo yake.

Gari la ofisi lilikuwa bovu, limewekwa juu ya mawe. Silvesta akaenda Kizwite kumwomba Nassoro usafiri, na Nassoro hakusita. Akaja na Landrova yake, akaja na bunduki yake pia, imelazwa nyuma juu ya magunia. Tukateremka Lyamba. Barabara ile wakati huo ilikuwa mawe na mashimo, gari linaruka, bunduki inaruka. Mara mbili niliisikia darubini ikigonga bodi. Nikasikia, nikanyamaza.

Tulipofika mjini kwa Masanja kulikuwa na watu wamekaa kimya chini ya kivuli cha ghala. Masanja alikuwa mtu mnene, mtaratibu, Kiswahili chake kizito cha Kisukuma. Alitusalimia kwa heshima zote, akatupa maziwa, kana kwamba hakufiwa. Kisha akasema, "Bwana askari, kaburi lile pale. Mimi wazee wamenikataza kumfuata nyati, lakini njia nitawaonyesha mwenyewe. Ng'ombe hawajanywa maji siku ya pili."

Nassoro akaniita pembeni ya gari. Macho yake hayakutulia. "Wensi," akaniambia, "mimi ni mtu wa swala. Nyati mwenye hasira simwezi, nisiwadanganye. Wewe una jicho zuri. Chukua yangu."

Nikaipokea haraka kama mtu aliyeogopa itarudishwa. Ile yangu ya kitako cha ngozi nikaiacha kwenye kiti cha gari. Silvesta alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale. Aliniona. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akageuka akamfuata Masanja.

Tulitembea kama nusu saa, jua likiwa limepanda. Masanja mbele na fimbo, Silvesta, mimi nyuma. Tulipofika kwenye kichuguu kikubwa Masanja akachuchumaa akaonyesha kwa kidevu. Nyati alikuwa amesimama kwenye ukingo wa matete, ametugeuzia ubavu, kichwa kimeinama. Hatua mia moja na hamsini hivi. Ndege weupe walikuwa mgongoni mwake.

Silvesta akanitazama. Vilengeo vya chuma kwa umbali ule ni kubahatisha. Kwa darubini, nyati alikuwa kama amesimama uani kwetu. Silvesta akanipa ishara: piga.

Nikaegemeza bunduki kwenye kichuguu. Nikaweka alama nyuma ya bega, kwenye theluthi ya chini ya mwili, kama nilivyofundishwa. Niliona mpaka matope yaliyokaukia kwenye manyoya. Nikatafuta usalama kwa macho, nikauona upande wa kulia, nikausukuma. Nikavuta. Ndege wakaruka. Nyati akajikunja katikati, mgongo juu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, akaingia matete.

"Umempiga wapi?" Silvesta akauliza.

"Begani."

"Hapana," akasema. "Ni tumboni."

Nilikuwa nimelenga begani, vijana, naapa. Darubini ilikuwa imesogea. Ule mgongano wa kwenye bodi ya gari, niliousikia mara mbili, ndio ulioipeleka risasi tumboni. Sasa nyati mwenye mguu mmoja mbovu alikuwa na risasi ya tumbo juu yake, ndani ya matete yaliyotuzidi urefu, mita chache kutoka kisima cha watu.

Tulisubiri. Mnyama aliyejeruhiwa msimfuate mbio, mwacheni alale, jeraha limkaze. Nikakoki risasi nyingine, nikarudisha usalama, tukakaa nyuma ya kichuguu karibu saa nzima. Hiyo saa ndiyo ndefu kuliko zote nilizoishi. Nikazihesabu risasi za Nassoro mfukoni, nikaanza upya, nikaanza upya tena. Masanja alinitazama, akatoa ugoro, akanipa. Sikuwa mtu wa ugoro. Nilinusa ili nipate sababu ya kutokwa machozi.

"Njia yake moja tu," Masanja akanong'ona. "Akiumia hukimbia mbele, halafu anazunguka kurudi kando ya njia aliyopita. Anakungoja. Ng'ombe dume wangu mmoja ana tabia hiyohiyo, ndiyo maana namjua."

Silvesta akasimama. "Wewe baki hapa, mzee," akamwambia Masanja. Kisha kwangu: "Hatua tatu nyuma yangu, kulia. Nikipiga, usipige mpaka umemwona wewe mwenyewe."

Tukaingia.

Ndani ya matete hakuna upepo. Joto linasimama. Kila jani unalogusa linasema. Niliona damu, nyeusi na yenye majani ndani yake, damu ya tumbo. Harufu ilikuwa ya zizi, halafu chini yake kuna harufu nyingine ya kuoza, ule mguu wa gobore. Harufu ikazidi, nikajua tuko karibu, nikatamani Silvesta ageuke aseme turudi. Nilitazama mgongo wake. Shati lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

Vyura waliokuwa wanalia wakanyamaza wote kwa pamoja.

Alitokea kushoto, kando ya njia, vilevile alivyosema Masanja. Sikuona nyati. Niliona matete yakilala. Silvesta akageuka akapiga, nikasikia risasi ikigonga mfupa. Nyati hakusimama. Nikaiweka bunduki begani, na ndani ya darubini nikaona nywele. Weusi na nywele tu, zimejaa kioo kizima, sijui ni shingo, sijui ni paja. Kidole gumba changu kikaenda nyuma ya boliti kutafuta lile bawa dogo la kulaza kushoto. Halikuwepo. Kikalitafuta tena. Nilikuwa najua, juu ya kichuguu nilijua, kwamba usalama wa bunduki ile uko pembeni. Lakini aliyejua ni mimi, na sasa mimi sikuwepo. Kilichokuwepo ni kidole gumba kilichozoea miaka minane kwenda mahali pamoja. Nikavuta kifyatulio. Kimya. Nikavuta tena.

Silvesta alikuwa anakoki mara ya pili nyati alipomfikia. Alimchukua kwenye paja, akamrusha, akaanguka, na nyati akashusha kichwa kumfuata chini. Mzee hakupiga kelele. Nilisikia pumzi zikimtoka, hm, hm, kama mtu anayetwanga.

Nikaitupa ile bunduki. Sikuamua kuitupa, mikono iliitupa. Ya Silvesta ilikuwa imeangukia kwenye matete hatua mbili kutoka kwangu, boliti wazi. Nikaiokota. Na hapo, vijana wangu, lilitokea jambo ninalolishukuru mpaka leo: mikono ikaijua. Ilikuwa pacha wa yangu. Boliti ikaenda mbele yenyewe, ikafunga yenyewe. Bega likapata kitako. Jicho likakuta kinundu kimekaa ndani ya mkato. Nilikuwa naogopa kuliko wakati wowote, macho yamejaa machozi, suruali imelowa, sioni aibu kusema, na risasi ikaenda nyuma ya sikio.

Nyati akapiga magoti, akalala kwa ubavu. Kichwa chake kikaangukia miguu ya Silvesta.

Masanja hakuwa amebaki kwenye kichuguu. Aliposikia milio aliingia na fimbo yake. Yeye na mimi tulimvuta mzee kutoka chini ya kile kichwa, na Masanja akamfunga paja kwa shuka lake la lubega, akakaza kwa ile fimbo. Akaita vijana wake wa kiume wakaja na kitanda cha kamba. Njiani hakusema kitu ila mara moja tu, aliponiona nalia: "Lia baadaye. Sasa beba."

Nassoro aliendesha gari kupanda Lyamba kwa mwendo ambao sijawahi kuuona tena, huku anasoma dua kwa sauti. Kila jiwe gari lilipopiga, Silvesta alifumba macho. Hospitalini mjini walimwokoa, lakini nyonga haikurudi mahali pake. Alitembea kwa fimbo tangu siku ile, na porini hakurudi tena.

Nassoro naye hakuigusa bunduki ile tena kwa muda mrefu. Baadaye akaja kwangu, akaniomba nimfungulie darubini. Nikaifungua, tukamtengenezea vilengeo vya chuma, akaenda kuipima upya machimboni. Alikuwa anampelekea Silvesta sukari na mafuta ya taa kila mwezi mpaka Nassoro mwenyewe alipofariki.

Sasa jibu lenu. Chukueni bunduki moja. Iwe ya boliti, namba ambayo risasi zake mtazipata hapahapa Sumbawanga bila kumbembeleza mtu. Kama mtakutana na nyati, isipungue namba 375. Iwe na vilengeo vya chuma. Ukitaka darubini weka, lakini iwe fupi, ya kuchomoka, na kila safari ya gari ihesabu kuwa imesogea mpaka karatasi ikwambie vinginevyo. Kitako kikukae begani macho yamefumbwa. Kaa nayo nyumbani ikiwa tupu, gizani, fungua, funga, laza usalama, mpaka mke alalamike. Usiazime ya mwenzako siku ya kazi, na yako usiiache kwenye gari. Dukani mkono wako ni wa fundi. Mbele ya nyati mkono wako ni wa mtoto mchanga, na mtoto mchanga anajua njia ya ziwa la mama yake tu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo moja lililobaki, nalo si la bunduki.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Kasense kumsalimia Mzee Silvesta. Nilikuwa naenda mara kwa mara, na kila mara niliitazama ile fimbo yake, nikaondoka bila kusema nilichotaka kusema. Siku hiyo tulikaa mbele ya nyumba, juani, maana upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unakata. Mkewe, Mama Adelina, alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Mzee," nikasema, "nimekuja kuomba radhi. Ile siku ya matete. Niliisikia darubini ikigonga gari nikanyamaza. Nikaacha bunduki yangu. Mguu huo nimekuvunja mimi."

"Na mimi niliisikia," akasema.

"Uliisikia nini?"

"Darubini. Mara mbili. Tena pale garini nilikuona ukiiacha ya kwako. Nikataka kukwambia irudishe hiyo ya tajiri, chukua ya kwako. Nikafungua mdomo." Akatazama chini. "Halafu nikawaza, huyu kijana akimpata kwa mbali, mimi leo siingii matete. Nikaufunga."

Mtu yule nilimfuata miaka minane nikiamini kwamba hofu yetu sote wawili nimeibeba mimi.

"Lakini wewe hukuwa mwoga, mzee," nikasema.

"Nani alikwambia?"

"Sijawahi kukuona ukitetemeka."

"Kila asubuhi ya kushuka bonde nilikuwa natapika nyuma ya nyumba hii. Nikimaliza ndipo naja ofisini. Muulize mama."

Kutoka jikoni Mama Adelina akajibu bila kutoka nje: "Aulize nini? Mimi ndiye niliyekuwa namwaga majivu."

Silvesta akacheka, kicheko kidogo cha kikohozi, na mimi nikacheka, kisha nikaona anafuta macho. Akaninyooshea mkono nimwinue. Tukaenda polepole kuangalia maharage yake nyuma ya nyumba.

Kila kitu ninachokijua kuhusu bunduki nilifundishwa na mtu yule, na hilo moja tu hakunifundisha: kwamba naye anaogopa. Kama angeniambia, nami nikamwambia, tungesimama pale kwa Masanja waoga wawili wanaojuana. Na waoga wawili wanaojuana wangerudi garini kuchukua bunduki waliyoizoea.